Hoteli ya Mazingira Ipimwe Siku Isiyo na Mgeni

Anayetaka kujua hoteli ya utalii wa ikolojia inatakiwa ifanye nini hana haja ya kutafuta mbali. Orodha inajulikana: umeme wa jua, maji ya mvua, choo kisichotumia maji, marufuku ya chupa za plastiki, mboga kutoka bustani ya jirani, wafanyakazi kutoka kijiji cha karibu. Orodha hiyo haina uongo. Kasoro yake ni kwamba imeandikwa kwa macho ya mgeni, na imeshachukulia kuwa mgeni atafika. Mahali ambapo hafiki, kama Masisi na Walikale katika Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, inabidi isomwe upya, na swali la kwanza linakuwa jingine kabisa: katika hayo yote, ni kipi kingeendelea kumfaa mwenyeji hata kama vyumba vingekaa vitupu mwaka mzima? Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo ndilo kipimo cha kweli cha uhifadhi wa kitalii popote pale, na kwamba Masisi na Walikale, ambako watu wengi wangesema hakuna utalii wa kuzungumzia, wana mengi ya kuwafundisha wenye hoteli za ufukweni.

Tuanze na mfano ulio bora, maana hakuna sababu ya kubishana na ulio dhaifu. Chumbe ni kisiwa kidogo cha matumbawe karibu na mji wa Unguja. Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wake kuwa hifadhi mwaka 1994, usimamizi ukapewa kampuni binafsi iliyoanzishwa na Sibylle Riedmiller, na wavuvi wa zamani wakafunzwa kazi ya ulinzi. Nyumba za wageni ni saba tu. Kisiwa hakina mto wala kisima, kwa hiyo mapaa yamejengwa ili kukinga mvua, na maji huchujwa na kuwekwa katika tangi lililo chini ya sakafu. Maji ya bafuni yakishatumika hupitishwa kwenye kitalu cha mimea inayofyonza virutubisho kabla havijafika baharini. Chooni hakuna maji ya kuvuta. Kinyesi huoza taratibu na kuwa mboji. Wageni wengi huviona hivi kama vituko vya watu wapenda mazingira, kumbe kila kifaa kimezaliwa na shida ya pale pale: jiwe la matumbawe lina vitundu, na shimo la choo lingevuja moja kwa moja hadi kwenye matumbawe hai, ambayo ndiyo mali yote ya kisiwa. Chumbe ilifaulu kwa sababu ilisikiliza jiwe lake. Wanaoiga Chumbe mara nyingi huiga vifaa na kusahau usikivu huo.

Masisi nayo ina ufuko, ingawa si wa bahari. Kuanzia Sake kuelekea Bweremana teritware hii inateremka hadi Ziwa Kivu, ziwa lisilo na mamba wala kiboko, lenye vilima vya kijani vinavyoingia majini na mitumbwi inayovua sambaza usiku, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959. Kisiwa cha Tchegera, ukingo wa kreta ya volkano uliozama nusu, kipo jirani. Ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga na kimewahi kupokea wageni katika mahema. Kwa macho ya mwekezaji, ufuko huu unaomba hoteli. Lakini uletee ufuko huo orodha ya Chumbe uone. Mvua ya upande huu hunyesha kupitia moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, ambao mara nyingi upepo huusukuma magharibi, yaani kuelekea Sake na milima ya Masisi. Moshi huo una asidi na floridi, na maji yaliyokingwa kwenye mapaa yanaweza kuwa na floridi ya kuharibu meno ya watoto. Katika vijiji vilivyo chini ya volkano meno ya kahawia ni jambo la kawaida. Maji ya mvua, ambayo Chumbe ni neema, hapa yanahitaji kupimwa kwanza. Kinyume chake, choo cha mboji kinafaa pengine kuliko Unguja. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika Goma, mwamba wa lava ulikataa kuchimbwa vyoo, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu katika majuma machache. Choo kinachojengwa juu ya mwamba badala ya kuchimbwa ndani yake hapa ni suala la uhai, na faida yake haimsubiri mtalii.

Halafu kuna mazuku. Hilo ndilo jina ambalo watu wa Goma na Sake huipa hewa ya kaboni dayoksaidi inayopenya kutoka ardhini katika maeneo kadhaa ya kaskazini mwa ziwa. Haina rangi, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hulala mabondeni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Mbuzi akiingia humo hufa, kwa kuwa pua yake iko karibu na ardhi. Mtu mzima anaweza kupita salama palepale ambapo mtoto aliyeketi anakata roho. Sasa fikiria mbunifu kutoka mbali anayechagua mahali pa kuweka hema la kifahari: atapenda kibonde chenye kivuli, kilichojikinga na upepo, hatua chache kutoka majini. Ni palepale. Hakuna cheti cha kimataifa cha hoteli ya kijani kitakachomwambia hivyo, ila bibi anayechunga mbuzi pale atamwambia bila kulipwa. Ndiyo maana ninaposoma kwamba mradi fulani "utashirikisha jamii" kwa kuwapa vijana kazi ya kutandika vitanda, naona kipimo kimewekwa chini mno. Mwenyeji ndiye mwenye elimu ya mahali, na mradi unaomwita baada ya ramani kuchorwa umeshachelewa.

Haya ni ya kiufundi, na mhandisi mzuri anaweza kuyamaliza. Lisilomalizwa na mhandisi ni mgeni mwenyewe. Virunga, hifadhi ya kwanza ya taifa barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925, imefanya kila ambalo orodha inadai. Ilifungua tena milango kwa watalii mwaka 2014. Mei 2018 watalii wawili wa Uingereza walitekwa, mlinzi kijana wa kike akauawa akiwalinda, na utalii ukafungwa hadi mwanzoni mwa 2019. Machi 2020 Korona ikaufunga tena. Aprili mwaka huohuo walinzi 12 wakauawa kwa siku moja karibu na Rumangabo. Kisha vita vya waasi wa M23 vikarudi, na kuanzia 2022 eneo la gorila na makao makuu ya hifadhi yakawa ndani ya uwanja wa mapigano. Ukiihesabu miaka hiyo, ile ambayo vitanda vilikuwa vitupu si michache. Biashara ya aina hiyo haiwezi kubeba msitu mgongoni.

Na hata hivyo kuna kitu cha Virunga kilichoendelea kufanya kazi bila watalii. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe huko Rutshuru, chenye uwezo wa megawati zaidi ya 13, kilizinduliwa Desemba 2015. Umeme wake uliingia nyumbani, kwenye vinu vya kusaga mahindi, kwenye karakana za kuchomelea vyuma, na baadaye ukafika Goma. Vita vimeukata mara kadhaa. Januari 2025, siku ambazo Goma ilikuwa inaangushwa, jiji lilikosa umeme na maji kwa pamoja. Lakini angalia tofauti. Laini ya umeme ikikatika, maelfu ya watu wasio na uhusiano wowote na utalii wanadai itengenezwe, na kila anayeshika madaraka analazimika kuwasikiliza. Hema la mtalii likiungua hakuna anayepiga kelele isipokuwa mwenye hema. Mradi wa uhifadhi ambao jirani ataudai siku ukizimika una mizizi. Ule ambao atausahau ni pambo.

Twende sasa Walikale, teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, karibu yote msitu. Humu, katika misitu ya Bakano na Wanyanga, kuna gorila wa Grauer wengi kuliko wale wanaotembelewa na watalii upande wa Bukavu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliyoanzishwa mwaka 1970 ilipanuliwa mwaka 1975 ikaingia tambarare za Walikale na Shabunda, ila mlango wa watalii ulibaki Tshivanga, huko Kabare, ambako gorila wa Grauer wa Mlima Kahuzi walizoezwa watu tangu miaka ya 1970. Kwa maneno mengine, Walikale ilipewa mipaka ya hifadhi na Kabare ikapewa wageni. Barabara ya kutoka Bukavu hadi Walikale ni mateso, ile ya kupitia Masisi ni mateso zaidi, na kwa miaka mingi ndege zilikuwa zinatua Kilambo juu ya kipande cha lami ya barabara kuu, zikiondoka na magunia ya kasiteriti, madini ya bati. Anayesubiri mtalii kwa njia hiyo atasubiri sana.

Lakini gorila wa Walikale hawakusubiri. Katika eneo la Nkuba shirika la Dian Fossey Gorilla Fund limekuwa likifanya kazi na wenye misitu tangu mwaka 2012, bila hoteli wala tiketi. Kazi ya wafuatiliaji wake inastahili kutazamwa kwa karibu. Wao hawawafikii gorila. Hufuata njia ambayo kundi lilipita jana yake, wakisoma nyayo, mabaki ya chakula na kinyesi, na wakifika mahali kundi lilipolala wanahesabu viota kimoja kimoja: kikubwa cha dume, vya majike, kile chenye kinyesi kidogo pembeni ambacho ni cha mama na mtoto. Umbali huo ni wa makusudi. Gorila asiyemzoea mtu humkimbia mtu, na katika msitu wenye wawindaji hiyo ndiyo kinga yake. Tena hapati mafua yetu, ambayo yanaweza kuua familia nzima. Hapa kuna uhifadhi ambao mtalii angeuharibu kwa kufika tu. Wafuatiliaji ni vijana wa vijiji hivyohivyo, wanalipwa mshahara kwa ujuzi ambao baba zao waliutumia kuwinda, na kazi yao haina msimu wa wageni.

Hata takwimu za wanyama hawa zinafundisha jambo. Katikati ya miaka ya 1990 gorila wa Grauer walikadiriwa kuwa 17,000. Mwaka 2016 makadirio yalishuka hadi 3,800, na wakaingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Mwaka 2021 makadirio mapya yakasema 6,800. Hawakuzaliana hivyo kwa miaka mitano. Walionekana kwa sababu watu walitembea katika misitu ya jamii ambayo hapo awali haikuwa imehesabiwa vizuri, nje ya mipaka ya hifadhi za taifa. Yaani sehemu kubwa ya gorila waliobaki wanaishi kwenye ardhi ya watu ambao hakuna aliyewatangazia hoteli.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe: Rwanda. Kibali cha kuona gorila huko ni dola 1,500, asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudi kwa jamii za jirani, na gorila wa milimani, pamoja na wa Uganda na Kongo, wamepita 1,000 baada ya kukaribia kumalizika. Hiyo ni kweli, na anayesema utalii hauwezi kuokoa mnyama hajaitazama milima ya Virunga. Lakini mfano huo una masharti yake. Msitu wa Rwanda ni mdogo, uko saa chache kutoka uwanja mmoja wa ndege kwa barabara ya lami, na dola imeweza kuubeba kwa sababu serikali imeuzungushia usalama kwa miongo miwili. Msitu wa Walikale ni maelfu ya kilomita za mraba za giza na matope. Hata amani ikija kesho, hautakuwa Kinigi, mlango wa watalii wa gorila huko Rwanda. Wageni wakija, na waje. Ila wawe kitoweo juu ya ugali ulioivishwa kwa kuni nyingine.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na wanaharakati wa mazingira hupenda kulikwepa. Mgodi wa bati wa Bisie, ndani ya Walikale, ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, fungu linaloonekana katika soko la dunia nzima. Ukiweka kiwango hicho cha fedha mezani pamoja na mshahara wa mfuatiliaji wa gorila, nani atachagua gorila? Jibu la haraka, kwamba msitu hudumu na madini huisha, ni la kweli lakini halimshibishi mtu leo. Jibu langu ni la vitendo zaidi. Machi 2025, M23 ilipokaribia Walikale, mgodi huo wenye mitambo ya gharama kubwa ulisimamisha kazi na kuondoa watu wake, ukaanza kurudi Aprili. Nao unamtegemea mgeni, tofauti ni kwamba mgeni wake amevaa kofia ngumu. Kinachobaki siku zote mbili, ya mgodi na ya utalii, ni shamba, mto, asali, uyoga, samaki na miti, na swali la nani anavimiliki. Hapo ndipo uhifadhi na maslahi ya mwanakijiji vinapokutana bila kulazimishana.

Swali hilo la umiliki lina jibu la kisheria ambalo watu wengi wa Masisi na Walikale hawajalitumia kikamilifu. Mwaka 2006 hifadhi mbili za jamii, Tayna na ile ya nyani na gorila ya Kisimba-Ikobo, zilitambuliwa kwa amri za waziri baada ya mabwami, yaani watawala wa kimila, na wazee kutoa misitu yao kwa hiari; ilikuwa hatua ya kishujaa, hata kama baadaye mivutano na vita viliitikisa. Sheria ilikuja kuwa wazi zaidi. Dekrii nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii kupata msitu wake wa kimila kama konsesheni, hadi hekta 50,000, bila malipo na bila kikomo cha muda. Anayeishika hati hiyo anaweza kujadiliana na mwenye mgodi, na mtafiti, na mnunuzi wa hewa ukaa, na ikibidi na mwenye hoteli, akiwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe. Asiyekuwa nayo ataajiriwa kutandika vitanda kwenye msitu wa babu yake.

Tunajua mambo huwaje hati ikikosekana. Batwa, wenyeji wa asili wa msitu wa Kahuzi, waliondolewa humo katika miaka ya 1970, wakaachwa pembezoni bila ardhi, na mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kwamba Kongo ilikiuka haki zao. Sheria nambari 22/030 ya Julai 2022 sasa inawatambua watu wa asili Mbilikimo na haki zao juu ya ardhi. Hoteli yoyote itakayojengwa karibu na msitu huo, hata ikitumia jua kwa kila balbu, itakuwa chafu kama itasimama juu ya dhuluma hiyo bila kuigusa. Sioni kwa nini sola zihesabiwe kuwa mazingira na ardhi isihesabiwe.

Masisi ina jeraha la namna yake. Vilima vyake vya malisho, ambavyo wapiga picha huviita Uswisi ya Afrika, vilikuwa msitu. Viligeuzwa mashamba makubwa ya ng'ombe tangu ukoloni, na baada ya 1973 konsesheni nyingi zikaangukia mikononi mwa wachache wenye vyeo, huku mkulima akisukumwa kwenye miteremko. Kutoka huko hutoka maziwa na jibini ya Masisi inayouzwa Goma, na hutoka pia makala, yaani mkaa, magunia yaliyorundikwa juu ya chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, inayoshushwa mlimani na vijana wawili wakishikilia breki ya kipande cha tairi. Vijana hao hawakati mti kwa chuki. Goma inapika kwa makala, na mlimani hawana shamba. Hoteli ya ufukweni Bweremana inayojisifu kwa mboga zake za asili lakini jikoni inachoma makala ya Virunga imeshindwa mtihani kabla ya mgeni wa kwanza kuvua viatu. Ile inayopanda miti yake ya kuni, inayopikia majiko banifu ambayo mafundi wa Sake wanaweza kuyatengeneza na kuyauza sokoni, imepita, hata isipopata mgeni hata mmoja, kwa sababu jiko litabaki kijijini.

Wapo watakaosema kuzungumzia haya yote wakati Masisi-centre ilitekwa na M23 Januari 2025 na watu wanalala kwenye mahema ya plastiki ni anasa. Ningekubali kama vita vingesimamisha pia maamuzi juu ya ardhi. Havisimamishi. Wakati wa vita ndipo kodi ya makala inapowekwa vizuizini, miti inapokatwa bila hesabu, na mipango mikubwa inapochorwa mbali. Januari hiyohiyo ya 2025 Kinshasa ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 500,000. Wawekezaji watakuja na michoro ya hoteli, na michoro itakuwa mizuri. Kwa hiyo ombi kwa machifu, mabwami na vyama vya vijana vya Walikale na Masisi ni moja: msisaini mchoro wa mtu kabla ya kuandikisha msitu wenu kwa dekrii ya 2014. Na kwa anayepanga kujenga: andika katika mkataba, kwa kifungu kinachosomeka, ni nini kitabaki mali ya kijiji mwaka ambao hakuna chumba kilichouzwa. Kama kifungu hicho hakipo, wenyeji wakikatae.